Nani alikupigania likizo? Safari ya vyama vya wafanyakazi na mahali pako kijana

HEBU chukua pesilipu yako ya mwezi uliopita uikague pole pole. Wengi wetu huruka moja kwa moja hadi ile laini ya mwisho, ile ya pesa zinazoingia kwa akaunti, tunaguna kidogo halafu maisha yanaendelea. Lakini panda juu kidogo. Kuna makato ya ushuru, ya bima ya afya, ya NSSF, ya nyumba. Na kwa baadhi yenu kuna makato mengine madogo yenye jina la chama cha wafanyakazi.

Kama yapo, unajua hiyo pesa inakufanyia kazi gani? Na kama hayapo, umewahi kujiuliza mbona?

Ukiuliza vijana wengi mtaani watakuambia vyama ni mambo ya walimu na madaktari. Wengine watakwambia ni wazee wa kupiga kelele Leba Dei, wakishamaliza wanarudi kulala hadi mwaka ujao. Na kuna yule atakayekujibu, “Mimi niko kontrakti ya miezi mitatu, nikianza kusema mambo ya chama mdosi atanionyesha mlango.”

Majibu yote matatu yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, likizo yako ya siku 21 kwa mwaka, miezi mitatu ya mama aliyejifungua, wiki mbili za baba, siku ya kupumzika kila wiki, hata haki ya kuulizwa maelezo yako kabla ya kufutwa, hakuna hata moja iliyotolewa na mwajiri kwa sababu aliamka siku moja akiwa na roho safi. Kuna watu waliolala ndani, waliofukuzwa kazi, na wengine waliozikwa kwa sababu ya mambo hayo. Na wengi wao walikuwa vijana wa rika lako.

KAZI YA CHAMA NI GANI HASA?

Waswahili walishasema mnyonge hana haki. Chukulia uko kwa kiwanda cha nguo kule Athi River, mko wafanyakazi 400. Wewe peke yako ukienda ofisini kuomba nyongeza, meneja anapiga hesabu ya haraka: huyu akiondoka, langoni kuna wengine 20 wanasubiri. Jibu lake unalijua. Si lazima awe mtu mbaya, ni vile tu nguvu zenu hazilingani. Yeye akikukosa anapoteza cherehani moja kwa nusu siku. Wewe ukikosa kazi unapoteza kodi ya nyumba, karo ya mdogo wako na unga wa jioni.

Sasa chukua hao 400 wote wazungumze kwa mdomo mmoja. Hesabu inabadilika. Meneja hawezi kubadilisha watu 400 kwa siku moja. Hapo ndipo anavuta kiti na kusema, “Haya, tuongee.” Wazo lote la chama cha wafanyakazi linaanzia hapo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kutoka kwa wazo hilo moja ndipo kazi nyingine zote zinazaliwa. Ya kwanza na kubwa zaidi ni kujadiliana na mwajiri kwa niaba ya wote kuhusu mishahara, marupurupu ya nyumba, saa za kazi na likizo, kisha kuandika walichoafikiana kwenye mkataba wa pamoja. Mkataba huo ukishasajiliwa mahakamani unakuwa na nguvu za kisheria. Mwajiri hawezi kuamka asubuhi akaupuuza.

Ya pili ni kukusimamia ukiwa na kesi kazini. Ukiitwa kujitetea kwa kosa, sheria ya Kenya inakuruhusu uingie kwenye kile chumba na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Wengi huingia peke yao wakitetemeka, wanatia sahihi karatasi hawajaisoma, halafu wanaanza kutafuta wakili wakiwa tayari wako nje ya geti.

Ya tatu ni usalama: glavu, barakoa, mashine zenye vikingio, na fidia ukiumia. Ya nne ni kukaa kwenye meza ambazo wewe hutawahi kualikwa, ambapo serikali, waajiri na wafanyakazi hupanga mambo kama kiwango cha chini cha mshahara. Nyongeza ya asilimia 6 iliyoanza Novemba 2024, iliyomfikisha kibarua wa kawaida wa Nairobi kwenye Sh16,113 kwa mwezi, ilipitia meza ya aina hiyo. Unaweza kusema hizo ni pesa kidogo, na utakuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini jiulize zingekuwa ngapi kama upande wa wafanyakazi ungekuwa kiti kitupu.

ILIANZIA VIWANDANI UINGEREZA

Vyama hivi kwa sura tunayoijua vilizaliwa wakati wa mapinduzi ya viwanda Uingereza. Watu walitoka mashambani wakajazana mijini, wakawa wanafanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku, watoto wakiwemo. Walipoanza kukutana kudai nyongeza, bunge lilipitisha sheria mwaka 1799 na 1800 za kupiga marufuku mikutano ya aina hiyo. Sheria hizo ziliondolewa 1824, lakini kuondoa sheria ni jambo moja na kuachwa kwa amani ni jambo lingine. Mwaka 1834 vibarua 6 wa shamba kutoka kijiji cha Tolpuddle walihukumiwa kupelekwa Australia kwa miaka 7, kosa lao likiwa kula kiapo cha siri walipojiunga pamoja wakilalamikia mishahara. Wananchi walipiga kelele hadi wakasamehewa na kurudishwa. Ni mwaka 1871 ndipo vyama vilipata utambulisho kamili wa kisheria huko.

Na hiyo Leba Dei yako ya Mei 1? Ilitoka Marekani. Mei 1886 maelfu ya wafanyakazi waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa 8. Mjini Chicago, mkutano wa Mei 4 katika uwanja wa Haymarket uliishia kwa bomu na risasi, polisi na raia wakafa, na baadaye viongozi 4 wakanyongwa baada ya kesi ambayo hadi leo inatajwa kama ya dhuluma. Mwaka 1889 wanaharakati wa wafanyakazi waliokutana Paris waliamua Mei 1 iwe siku ya wafanyakazi duniani. Kwa hivyo siku ile unayolala hadi saa tano asubuhi ina damu ndani yake.

KIPANDE SHINGONI

Rudi nyumbani sasa. Hapa Kenya mambo yalianza vibaya zaidi, kwa sababu hata kuingia kwa kazi hakukuwa kwa hiari. Mkoloni alihitaji vibarua wa mashamba ya walowezi na reli. Akaweka kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, zilipwe kwa pesa. Pesa ulizipata wapi? Kwa kumfanyia kazi mzungu. Ili usitoroke, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho ndani ya kibweta cha chuma kilichoning’inizwa shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika ulifanya kazi wapi na ulilipwa ngapi. Ukiacha kazi bila ruhusa, unasakwa kama mwizi.

Mwaka 1921 walowezi wakaamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya hazina Nairobi, Harry Thuku, alisimama kupinga. Hakuwa amefika miaka 30. Alizunguka akikusanya watu dhidi ya kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Machi 14, 1922 akakamatwa.

Wafanyakazi wa Nairobi wakaacha kazi na kwenda kukusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, karibu na barabara ambayo leo inaitwa jina lake. Machi 16, wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake juu na kuwaambia kama wameogopa basi wampe hizo suruali wavae nguo yake. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilihesabu maiti 21, ingawa wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Thuku alipelekwa kizuizini Kismayu.

Haukuwa mgomo wa chama, maana chama chenyewe hakikuwepo. Lakini tangu siku hiyo serikali ilijua kwamba wafanyakazi wa mji huu wanaweza kuweka vifaa chini kwa pamoja.

MHINDI ALIYEKATAA KUGAWANYWA

Jina la Makhan Singh huenda ulilisikia shuleni ukalisahau baada ya mtihani. Lirudishe. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Kenya akiwa kijana mdogo mwaka 1927, na akafanya kazi katika duka la babake la uchapishaji Nairobi. Wakati huo hata vyama vidogo vilivyokuwepo vilitengana kwa rangi na kabila. Mafundi Wahindi wako huku, Waafrika huko, na mwajiri anacheka katikati.

Mwaka 1935, akiwa na miaka 21 tu, Makhan Singh alikuwa katibu wa chama kilichofungua milango kwa wafanyakazi wa rangi zote, kilichoitwa Labour Trade Union of Kenya. Miaka miwili baadaye, 1937, chama hicho kiliongoza mgomo mrefu wa mafundi Nairobi uliochukua karibu miezi miwili na kumalizika kwa nyongeza ya mishahara. Serikali iliona moto unakaribia, na mwaka huo huo ikatunga sheria ya kusajili vyama. Sheria hiyo ilitambua vyama kwa mkono mmoja na kuvifunga kamba kwa mkono mwingine, kwa sababu ambaye hakusajiliwa hakuwa na haki ya kuwepo.

MOMBASA ILIPOSIMAMA

Kama unataka kujua nguvu ya mgomo, uliza bahari. Mwaka 1939 vibarua wa Mombasa waligoma wakidai marupurupu ya nyumba. Halafu ikaja Januari 13, 1947. Vita Vikuu vya Pili vimeisha, bei za vitu zimepanda, vyumba vya kupanga havipatikani, mishahara imekwama pale pale. Wafanyakazi kama 15,000 waliacha kazi kwa pamoja: wa bandarini, wa reli, wa hoteli, mpaka wapishi na maboi wa majumbani. Mji ukasimama kwa siku 12.

Walikuwa wakikutana kwenye uwanja wa mpira karibu na Majengo, mahali palipojulikana kama Kiwanja cha Maskini. Huko ndiko walikozungumza na kupanga, na ndiko chama kilichokuja kuitwa African Workers Federation kilipata nguvu, kikiongozwa na Chege Kibachia, mwingine aliyekuwa bado kijana. Jopo la serikali likaundwa na mishahara ikapanda.

Jambo ambalo lilimtisha mkoloni si pesa. Ni kwamba chama hiki hakikuwa cha kazi moja wala kabila moja. Kibachia alipoanza kukieneza bara, alikamatwa Agosti 1947 na kupelekwa kuishi kizuizini Kabarnet. Septemba mwaka huo, wafanyakazi wa kiwanda cha nyama cha Uplands walipogoma, polisi walifyatua risasi na kuua watatu.

Mei 1, 1949, Makhan Singh na Fred Kubai waliunda East African Trade Unions Congress, muungano wa vyama. Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh alisimama mbele ya watu na kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, wakati ambao wanasiasa wengi walikuwa bado wanaomba mageuzi kidogo kidogo. Mei 15 yeye na Kubai wakakamatwa. Siku iliyofuata Nairobi ikaingia kwenye mgomo wa zaidi ya wiki moja, wafanyakazi wakidai viongozi wao waachiliwe na mshahara wa chini uwe Sh100 kwa mwezi.

Makhan Singh alikaa kizuizini hadi Oktoba 1961. Piga hesabu: miaka 11 na zaidi. Kubai naye aliachiliwa, akakamatwa tena 1952 na kushtakiwa pamoja na Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Bildad Kaggia, mwingine wa wale sita wa Kapenguria, pia alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Wale sita tunaowakumbuka kwa siasa, wawili wao walijifunzia mapambano kwenye vyama.

MBOYA NA MIAKA 23

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, vyama vya siasa vya Waafrika vilizimwa. KAU ilipigwa marufuku 1953. Aprili 1954 maelfu kwa maelfu ya watu walisombwa Nairobi na kupelekwa kambini, viongozi wengi wa wafanyakazi wakiwemo. Mlango pekee wa halali uliobaki wazi kidogo ulikuwa wa vyama vya wafanyakazi. Aliyeingia kwa mlango huo ni Tom Mboya, mkaguzi wa afya wa baraza la jiji.

Mwaka 1953, akiwa na miaka 23, Mboya alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vilivyosajiliwa, lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour. Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Badala ya kungoja serikali itume askari, Mboya alikwenda, akawashawishi warudi kazini mazungumzo yakiendelea, na akaibuka na nyongeza ya karibu thuluthi moja ya mshahara. Jina lake likavuma hadi ng’ambo.

Kwa wewe unayeambiwa “ngoja wakati wako, wewe ni kiongozi wa kesho,” chukua hizo namba uziweke mfukoni: 21, 23, chini ya 30.

Oktoba 1962, kabla ya uhuru, serikali, waajiri na wafanyakazi walitia sahihi mwafaka wa mahusiano kazini. Kwa kifupi, walikubaliana kuzungumza kwanza, kupeleka mzozo kwa msuluhishi, na mgomo uwe hatua ya mwisho. Mfumo tunaotumia leo umejengwa juu ya msingi huo.

BAADA YA UHURU, KAMBA NYINGINE

Ungetarajia kwamba bendera ikishapanda, vyama vingepumua. Haikuwa hivyo. Kulikuwa na miungano miwili iliyokuwa ikivutana, na ugomvi wao ukafika hadi vurugu za kupigana. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwaka 1965 serikali ilivunja yote miwili na kuunda mmoja, COTU, na katika utaratibu wa mwanzo rais wa nchi ndiye aliyemteua katibu mkuu kutoka kwa majina matatu yaliyopendekezwa. Fikiria hapo: unayempelekea madai ndiye anayechagua msemaji wako.

Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilipiga marufuku chama cha watumishi wa umma na kile cha wahadhiri wa vyuo vikuu. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kwa vyama hivyo kurudi. Miaka yote hiyo, karani wa serikali na mhadhiri hawakuwa na pa kwenda kama kundi.

Walimu ndio walioshika bango. KNUT iliundwa Desemba 1957 na imegoma mara nyingi. Mgomo wa Oktoba 1997, uchaguzi ukikaribia, uliifanya serikali ikubali nyongeza kubwa ya kulipwa kwa miaka 5. Kisha ikasitasita kulipa, na walimu wakagoma tena 1998 na 2002. Kwa hivyo sahihi kwenye karatasi ni nusu ya safari, nusu nyingine ni kuhakikisha kilichoandikwa kinalipwa.

KATIBA IKO UPANDE WAKO

Mwaka 2007 bunge lilipitisha sheria tano mpya za kazi kwa mpigo, na 2010 Katiba ikaweka msumari. Kifungu cha 41 kinasema kila mfanyakazi ana haki ya mshahara wa haki, mazingira bora ya kazi, kuunda au kujiunga na chama, na kugoma. Soma tena: kugoma ni haki ya kikatiba, si fujo.

Lakini haki hiyo ina ngazi zake. Mzozo huripotiwa kwanza kwa Waziri wa Leba na kupewa msuluhishi, na ikiwa siku 30 zitapita bila suluhu, chama hutoa notisi ya siku 7. Ukiruka ngazi, mahakama inaweza kuutangaza mgomo kuwa haramu na ukapoteza kinga yako. Na hata mgomo ukiwa halali, mwajiri halazimiki kukulipa kwa siku ambazo hukufanya kazi. Ndiyo maana viongozi wenye busara hawakimbilii mgomo.

Madaktari wanaijua bei hiyo. Mkataba wao wa 2013 ulipokosa kutekelezwa, waligoma Desemba 2016 na kukaa nje siku 100. Februari 2017 viongozi wao saba walitupwa jela kwa kukaidi amri ya mahakama, wakaachiliwa baada ya siku chache. Mwaka 2024 wakagoma tena kwa siku 56, na safari hii moyo wa mzozo ulikuwa vijana: madaktari wanagenzi, ambao mkataba uliwapa Sh206,000 kwa mwezi na serikali ikataka kuwalipa Sh70,000. Wakati huo huo wagonjwa maskini, wasio na pesa za hospitali za kibinafsi, ndio walioumia. Hilo nalo lazima lisemwe. Mgomo wa hospitali hauumizi mwajiri peke yake.

NA SISI WA KONTRAKTI NA APU?

Hapa ndipo mambo yanakuhusu moja kwa moja. Vyama vya zamani viliundwa kwa mtu aliyeajiriwa kiwanda kimoja miaka 20. Wewe leo uko kontrakti ya miezi mitatu inayorudiwa kama wimbo, ama uko kwa boda unaletewa wateja na apu, ama unafanya kazi za mtandaoni ukiwa kwa kochi yako Rongai. Mdosi wako ni nani? Apu inasema wewe si mwajiriwa, ni mshirika. Hakuna likizo, hakuna fidia ukianguka, na siku akaunti yako ikizimwa hakuna hata mtu wa kupigia simu.

Msidhani ni jambo jipya lisilo na dawa. Mei 1, 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wanaochuja picha na video za kutisha kwa niaba ya kampuni kubwa za mitandao walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao. Wengi wao ni vijana, na ujasiri huo ulifuata kesi ambazo wenzao walikuwa wameshawasilisha katika mahakama ya hapa dhidi ya Meta na kampuni iliyowaajiri. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Kesi bado ni kesi, lakini mlango ambao wengi walidhani ni ukuta umefunguka.

Madereva wa teksi za apu nao walizima simu na kuandamana mara kadhaa, na mwaka 2022 kanuni mpya zikaweka kikomo cha asilimia 18 kwa kamisheni ambayo kampuni inaweza kukata. Kule Kericho na Bomet, chama cha wafanyakazi wa mashamba kimekuwa kikivutana na kampuni za chai kwa miaka mingi kuhusu mashine za kuchuma majani zinazochukua nafasi ya mikono ya watu. Swali ni lile lile la Uingereza ya kale: teknolojia ikija, faida ni ya nani?

Na wewe wa kontrakti ndogo ndogo, sheria haijakusahau kabisa. Kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi anaweza kuhesabiwa kama mwajiriwa wa kudumu kidogo, mwenye haki ya notisi na likizo. Waajiri wengi wanajua hilo. Ndiyo maana wengine hukupa “mapumziko” ya wiki moja kisha wanakurudisha.

VYAMA NAVYO VIJITAZAME

Tusidanganyane. Vijana hawakai mbali na vyama kwa uvivu tu. Kuna viongozi wanaokaa ofisini miongo na miongo. Francis Atwoli, kwa mfano, ameongoza COTU tangu 2001, kumaanisha kuna wafanyakazi leo ambao hawajawahi kuona katibu mkuu mwingine. Kuna vyama ambavyo mwanachama huona makato kila mwezi lakini hajawahi kuona hesabu. Kuna viongozi wanaoonekana zaidi kwenye majukwaa ya siasa kuliko kwenye geti la kiwanda. Na wasichana wanaojaza viwanda vya nguo hawajai kwenye meza za uongozi kwa kiwango hicho hicho.

Lakini swali ni hili: nani atavibadilisha? Sheria inataka vyama vifanye uchaguzi na viwasilishe hesabu kwa Msajili. Mwanachama ana haki ya kuziona. Anayesimama kando hana kura wala sauti. Na mara nyingi hata ukikaa kando pesa yako inaweza kukatwa, kwa sababu sheria inaruhusu chama kumtoza ada asiye mwanachama anayefaidika na mkataba kilioujadili. Sasa kama unalipa, heri ulipe ukiwa na kura.

UANZIE WAPI?

Kwanza, soma barua yako ya kazi na uitunze pamoja na pesilipu zote, hata kwa picha kwenye simu. Kesi nyingi za wafanyakazi hufa kwa kukosa karatasi.

Pili, uliza kama kuna chama katika sekta yako. Kiko cha wafanyakazi wa hoteli, wa benki, wa mashamba, wa biashara, wa viwanda vya nguo, wa walinzi, wa majumbani. Kujiunga ni kujaza fomu ya kukubali makato. Chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili, mwajiri analazimika kukitambua na kuketi nacho mezani.

Tatu, jua kwamba kukufuta kwa sababu umejiunga na chama ni kinyume cha sheria. Najua sheria haizuii mdosi kutafuta sababu nyingine. Kwa hivyo usijitokeze peke yako. Zungumzeni kwanza, muwe wengi, ndipo mwende.

Nne, kama kazi yako haina chama kabisa, anzeni na mlicho nacho. Kundi la WhatsApp la madereva, chama cha kuweka akiba cha mbogi ya mjengo, mkutano wa Jumapili baada ya mpira. Kiwanja cha Maskini kilikuwa uwanja wa mpira tu. Hapakuwa na ofisi, hapakuwa na muhuri, hapakuwa na gari la chama. Palikuwa na watu waliochoka na jambo moja, na wakakubaliana kulisema kwa pamoja siku moja.

Basi wiki hii, wakati wa chai ya saa nne, geukia aliye karibu nawe umuulize swali dogo ambalo waajiri wengi hawapendi lisikike: “Wewe unalipwa ngapi?” Vyama vingi duniani vilianza kwa swali kama hilo.